Ngoja Kwanza na Pasi Yake

Ndugu, jamaa na majirani, mzee wetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Ngoja Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, akiwa mtoto wa tatu wa dobi huyo na mkewe. Alimaliza sekondari mwaka 1969, na jioni zote za miaka ya shule alimsaidia baba yake kupiga pasi, kazi iliyomwachia desturi ya maisha, kwamba swali jepesi alilijibu papo hapo, lakini zito alilipigia pasi kwanza, akinyoosha nguo huku akifikiri.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika karakana ya samani, akapanda hadi kuwa meneja, na mafundi walijua kuna jambo kubwa wakikuta makoti yao ya kazi yamenyooshwa. Hakuwa mtu wa kuzubaa, kwani vumbi la mbao liliposhika moto mwaka 1983 ndiye aliyewatoa watu mbio, ila mwaka 1991, kampuni moja ilipotaka karakana iitengenezee vitanda tu na kuacha mengine yote, wenzake wakiwa wameshashika kalamu, aliomba wiki moja, akanyoosha hadi mapazia ya ofisi, akarudi akiuliza kampuni hiyo ikifungwa vitanda hivyo atavilalia nani, wakakataa, na kweli haikuchukua muda ikafungwa.

Alipopitiliza ni kwenye uchumba, alinyoosha nguo mpaka muuguzi aliyempenda akachoka, akamwambia, “Wewe, nguo zimekwisha, au nikuletee na mashuka ya wodi?” Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka jana, mwezi Novemba, alipatikana na uvimbe kwenye ini, madaktari wakasema wanaweza kumpasua, ingawa huenda asitoke tena hospitalini, na watoto wake, kwa hofu ya kumpoteza, wakataka akubali siku hiyo hiyo. Yeye akaomba pasi. Mkewe alimletea wodini, akanyoosha shati moja jeupe, akipumzika kila alipomaliza mkono mmoja wa shati, kisha akasema, “Narudi nyumbani. Nimeshafikiri, msinifikirie tena.” Watoto walinuna, lakini walipata miezi ya kukaa naye barazani, akiwatania, hadi alipofariki tarehe 3 Juni, kitandani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari waliongoja jibu lake bila kumsukuma, majirani waliotupikia, na mafundi, ambao leo makoti yao wameyanyoosha wenyewe.

Shati alilovaa ni lile la wodini. Pumzika kwa amani, Baba, hakuna anayekuharakisha.