Roland Szymczak na Wachezaji Wake Viraka (1944–2023)

Roland Edmund Szymczak alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 mjini Toledo, Ohio, akiwa mtoto wa pili wa Casimir na Helen Szymczak. Maelezo haya yameandikwa na dada yake mdogo, Eugenia, ambaye ndiye anayeyasoma. Mkisikia mahali marehemu anasemwa kidogo, hiyo ni haki ya dada.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari, akamaliza mwaka 1962. Besiboli aliipenda kuliko chakula, ila yenyewe haikumpenda: mipira ilimpita katikati ya miguu. Kocha akaona afadhali amkalishe benchi awe anaandika matokeo, na Roland akaridhika kabisa.

Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mpima ubora katika kiwanda cha vioo. Kazi ya moyo wake lakini ilikuwa mchezo alioubuni mwaka 1971 akawa anauuza kwa posta, Uwanja Mezani: besiboli ya dadu na kadi, kila mchezaji na kadi yake yenye alama za udakaji, kuanzia moja kwa hodari hadi tano kwa gogo. Wabunifu wengine walimfunga mchezaji kwenye nafasi moja, ukimhamisha anaharibika. Roland aliwapenda viraka, wale wanaopangwa popote, akawapa alama nzuri kila mahali. Wateja walifurahi. Akiumia yeyote, unamtupia kiraka, maisha yanaendelea.

Alifunga ndoa na Bernadette Kuhlman tarehe 10 Juni 1967, wakajaliwa Duane, Marcia na Lynette. Ndoa hiyo nusura ivunjike kwa sababu ya kadi, na Bernadette ameruhusu jambo hili lisemwe.

Jioni moja ya Februari 1980 mwenzake Roland wa kucheza kila Alhamisi alishikwa na mafua, naye Roland akamwomba mkewe akae badala yake. Bernadette alikuwa ametoka kazini katika jiko la shule, amefunga vifurushi vya wateja, amemwogesha mama mkwe aliyekuwa hajiwezi ghorofani, na amelaza watoto. Akaketi. Timu yake ilikuwa na kiraka mmoja, Wes Haffner. Kila alipoumia mtu alimhamisha Haffner: besi ya pili, uwanja wa nje, mwisho akamchuchumaza nyuma ya mpigaji kudaka. Akamchapa mumewe sita kwa moja.

"Eti Roland, huyu Haffner wako hachoki?"

"Hachoki. Ndiyo uzuri wake huo, anaweza kila kitu!"

"Kuweza anaweza. Nani kakwambia hachoki?"

"Ah, Bernie, si karatasi tu hiyo?"

"Haya. Mimi si karatasi."

Wiki ya Pasaka Bernadette alichukua watoto na sanduku moja akaenda kwa dada yake mjini Sandusky. Hakusema atarudi lini. Roland alimpigia simu Eugenia akilia, akasema ameshampoteza mke wake, na aliogopa kweli.

Mwanamume mwingine angepeleka maua. Roland alibadilisha kanuni. Tangu siku hiyo kiraka akihamishwa katikati ya mchezo anashuka daraja, akihamishwa tena anashuka tena, na mchezo unaofuata anapumzika. Wateja walikuja juu. Mmoja wa Iowa aliandika kwamba Haffner ameuawa bila kosa. Roland akachukua kadi mpya ya Haffner yenye kanuni hiyo, akaendesha gari hadi Sandusky. Bernadette akaisoma pale pale mlangoni.

"Nzuri. Haffner atapumzika," akasema. "Na nyumbani kwako je?"

Roland alirudi peke yake. Akamshusha mama yake chumba cha chini, akajifunza kumwogesha kwa mikono yake mwenyewe, akaajiri mtu wa kufunga vifurushi, na michezo ya Alhamisi akaifuta. Bernadette alirudi mwezi Juni. Akauliza kama kuna chakula. Kilikuwepo, kibaya mno, na akakimaliza.

Mwezi Aprili mwaka huu Roland aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, muuguzi alianza kumweleza Bernadette habari za dawa, na Bernadette, kwa mazoea, akaanza kukunja mikono ya sweta.

"Usimpe huyo," Roland akamwambia muuguzi. "Mpe Duane. Marcia atapika, Lynette atafua na kunibadilisha."

"Na mimi nifanye nini, we mzee?" Bernadette akamuuliza.

"Wewe ni mke wangu. Njoo ukae."

Watoto walitii, ingawa wali wa Marcia ulikuwa mtihani. Kiti cha Bernadette kilisogezwa kando ya kitanda, na hapo alikaa kiangazi chote, wakizungumza na kubishana. Anasema hawakuwahi kukaa pamoja namna hiyo tangu fungate. Roland alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 19 Septemba 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja anayemlilia. Baada ya maziko tunawakaribisha ukumbini kwa soseji na kabichi. Watakaopakua na kuosha vyombo ni watoto wake. Bernadette amekatazwa kuingia jikoni. Atakayemwona anainuka, tafadhali amshike mkono, akae naye.

Mungu akupokee, Roland, ulale salama.