Santuri Iliyopigwa kwa Mwendo Usio Wake

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo wa Kaaya, majirani wa Poli na wa Elerai, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza baba yetu, shikamooni, na poleni. Mimi ni Nancy, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye niliyepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake. Karatasi niliyoishika ni ndefu kuliko ile iliyochapwa kwenye vijitabu mlivyogawiwa pale getini, na wenye vijitabu mtaona mahali ninapoachana navyo.

Marehemu Gerson Abdiel Kaaya alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 hapahapa Poli, mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu mzee Abdiel Kaaya na marehemu mama Sinyati, akabatizwa tarehe 3 Juni mwaka huohuo, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, wakati ambapo nafasi za kuendelea zilikuwa chache na watoto wa mlimani walikuwa wengi. Alipata Kipaimara mwaka 1967 katika usharika huu, akaingia kwaya, sauti ya besi, ingawa wenzake wanasema alijua kusikiliza kuliko kuimba, na waliosimama karibu naye walimshukuru Mungu siku alipokohoa.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa mjini, katika duka la redio na santuri la marehemu Balwant Singh, karibu na Soko Kuu, akaanza kwa kufagia na kufungua makasha, na baada ya miaka miwili akasimama kaunta. Balwant Singh alimfundisha kushika santuri kwa kingo, kufuta sindano kwa brashi laini, na zaidi ya yote kutazama mwendo kabla ya kuipiga, kwa sababu santuri kubwa huzunguka polepole na zile ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande, huzunguka haraka, na ukiipiga ndogo kwa mwendo wa kubwa, msichana ataimba kama mtu mzima mwenye mafua. Naomba mlishike hilo, kwa maana lina kazi mbele.

Santuri hizo ndogo ndizo alizozikusanya maisha yake yote, na hadi anafariki alikuwa nazo elfu moja mia tatu na kumi na mbili, katika makabati manne nyumbani Elerai. Alikuwa na sharti lake, kwamba hachukui santuri bila habari yake, lazima mwenyewe aseme aliinunua lini, aliicheza na nani, na kwa nini anaiachia, naye aliyaandika hayo kwa mkono kwenye bahasha na kuitia santuri humo. Ipo ya bibi Gulzar wa Levolosi, ambaye mumewe aliinunua siku waliyogombana akashindwa kuomba radhi kwa mdomo, ipo ya dereva wa Usa aliyeipiga mara tisa kwenye harusi moja hadi bibi harusi akaenda kukaa na watu wa kwao, na ipo ya mzee mmoja aliyesema hana habari, kisha akalia, na baba akaandika kwamba alilia. Sisi watoto tuliona ni ugonjwa wa kupenda muziki. Tulikosea.

Sasa nafika mwaka 1976, na hapa ndipo vijitabu vyenu vinaruka hadi kwenye ndoa.

Mwaka huo katika kwaya ya usharika huu alikuwepo msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye sauti nzito ya alto ambayo watu walipanda kutoka mabondeni kuja kuisikia, alikuwa amechumbiwa na mwalimu, na mwezi wa Aprili alikwenda Nairobi kumuuguza dada yake aliyejifungua. Aliporudi ukazuka uvumi kwamba kule alirekodi nyimbo za dansi na bendi, na kwamba santuri yake imeshafika Arusha. Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976 baraza la wazee liliketi katika ofisi ya usharika, chini ya mwenyekiti wake, marehemu mzee Naftali Mbise, na kwa kuwa hakuna mzee aliyejua mambo hayo, wakamwita kijana wa dukani aje na hiyo santuri.

Baba alikuja nayo ikiwa haijafunguliwa, kwa kuwa ilishuka dukani jana yake, karatasi yake ya katikati ilitaja bendi tu bila mwimbaji, na yeye mwenyewe alikuwa hajaisikia. Ofisini ilikuwepo gramafoni iliyoachwa na wamisionari, ya kupigia santuri kubwa za mahubiri, ambayo mwendo wake ulikuwa mmoja tu, wa polepole, na juu ya gramafoni hiyo baba akaiweka santuri ndogo. Ikatoka sauti nzito, ya chini, na wazee wakatazamana. Baba aliniambia kwamba alisikia ngoma zinaburuta miguu, akasita, lakini macho ya wazee tisa yalikuwa juu yake, na mmoja wao alikuwa baba wa msichana mwingine, ambaye yeye alitaka kumposa. Mzee Naftali akamuuliza, Gerson, wewe ndiye fundi wa vitu hivi, huyu ndiye au siye, naye baba akajibu, ndiye.

Kesho yake, Jumapili, msichana yule alitangazwa mbele ya washarika kwamba yuko chini ya marudi, ametengwa na Meza ya Bwana na kuondolewa kwaya hadi atubu, naye akasema hatubu kosa ambalo hakulifanya. Jumatatu, tarehe 16, mzee Naftali aliwapokea wajumbe wa posa ya baba. Jumanne, tarehe 17, saa mbili asubuhi, kabla ya wateja, baba alichukua nakala nyingine ya santuri ileile kutoka kwenye kasha lake, akaipiga kwa gramafoni ya dukani, kwa mwendo wake wa haki, na ikatoka sauti nyembamba ya msichana mwingine kabisa, ambaye hakumjua, wala sisi hatumjui hadi leo.

Baba yetu alijua tangu Jumanne ile. Sisemi alikosea tu, maana kukosea kulikuwa Jumamosi. Kuanzia Jumanne alinyamaza, akanyamaza mchumba wa yule msichana alipovunja uchumba, akadai mahari yake na kuondoka mwezi Septemba, akanyamaza msichana alipoteremka mlima na kapu moja kwenda kuishi Kwa Mrombo, na akanyamaza kwa miaka arobaini na minane na miezi tisa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa katika kanisa hili na mama yetu, marehemu Penina Naftali Mbise, binti wa mwenyekiti, nao wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1978, Ndesanjo mwaka 1981, na Nathanaeli mwaka 1985. Mama alitutangulia tarehe 9 Mei 2019, na kama alijua, hakutuambia. Ilikuwa ndoa nzuri, yenye vicheko vingi, na mimi nasema haya nikijua vizuri kwamba kama Jumanne ile baba angepanda mlima na kusema ukweli, huenda leo nisingekuwepo wa kusimama hapa. Sijui mtu hufanya nini na jambo kama hilo.

Duka la Balwant Singh lilifungwa mwaka 1988, baba akafungua kibanda cha ufundi wa redio Levolosi, akakifanyia kazi hadi mwaka 2015, na wengi wenu hapa redio zenu zimepitia mkononi mwake, zikarudi zinaongea, ingawa si kwa siku aliyowaahidi. Kwa usharika alijitolea kutunza vipaza sauti kwa miaka ishirini na sita, na mara tatu alipendekezwa kuwa mzee wa kanisa, mara zote tatu akakataa, watu wakasema ni unyenyekevu.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Novemba 2024 kwa maradhi ya figo, akawa anatibiwa hospitali mjini mara mbili kwa wiki. Jumamosi tarehe 17 Mei 2025 aliniomba nimletee kitandani bahasha moja kutoka kabati la nne, ya mwisho kabisa, bahasha pekee isiyoandikwa kitu, na ndani yake ilikuwemo santuri ya Jumanne ile. Akanisimulia yote niliyowasomea, akanitaka niyaandike juu ya bahasha, na alipomaliza akasema, niletee Elinipa, yule aliyetengwa kwa neno langu, nimwambie mwenyewe.

Ndugu zangu, sikumleta. Niliogopa, kwa ajili ya jina la mama, na la babu yangu aliyezikwa hatua thelathini kutoka hapa kwa heshima zote, nikajiambia wiki ijayo, na wiki iliyofuata nikajiambia hivyohivyo, na baba kila nilipoingia alitazama mlango nyuma yangu. Tarehe 5 Juni alipoteza kauli, na Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki. Kwa hiyo kunyamaza huko si kwake peke yake, siku kumi na tisa ni zangu.

Jumanne iliyopita nilichuma jani la isale, ambalo kwetu mlimani ndilo la kuombea msamaha, nikachukua bahasha ile na gramafoni, nikaenda Kwa Mrombo, mahali shangazi Elinipa anaposhona nguo karibu na soko. Nilimpigia santuri kwanza kwa mwendo wa polepole, akashika meza, akaniambia kwamba siku ile walimsimamisha mlangoni mwa ofisi, akaisikia, na hata yeye aliogopa, maana sauti ilikuwa yake, akajiuliza miaka mingi kama alirogwa, kama aliimba usingizini. Kisha nikaipiga kwa mwendo wake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, kumbe ni mashine.

Nilipompa isale hakulikataa, kwa sababu mtu wa mlimani halikatai, lakini hakuliingiza ndani, alilichomeka juu ya mlango kwa nje. Akaniambia, mwanangu, mimi hawakunitangaza jikoni kwangu, walinitangaza mbele ya washarika, kwa majina yangu matatu, mkanitaje tena mbele yao kwa majina yangu matatu, ndipo nitajua la kusema.

Juzi, katika kikao cha ukoo, baba mdogo Sifaeli, mdogo wake marehemu, ambaye ninamheshimu na ambaye sasa hivi anatazama viatu vyake, alisema, Nancy, maiti haijibu, mwache kaka aende na mambo yake, usituvue nguo mbele ya watu. Nilimjibu, baba mdogo, marehemu hajibu, lakini wa kujibiwa yuko hai, naye kavuliwa nguo mbele ya watu tangu mwaka sabini na sita. Kikao kilivunjika bila kukubaliana. Asubuhi hii nimemweleza baba mchungaji, naye ameniambia kwamba mambo ya marudi baraza litakaa na kuyajibu lenyewe, kwangu ameomba kitu kimoja tu, nisome taratibu ili watu wa nyuma wasikie.

Kwa hiyo, watu wa nyuma, sikieni. Elinipa Lesian Akyoo hakuimba katika santuri ile. Hakusema uongo mbele ya baraza, hakuwa na kosa la kutubu, na marudi aliyowekewa tarehe 15 Agosti 1976 aliwekewa kwa ushahidi wa baba yangu, Gerson Abdiel Kaaya, ushahidi ambao haukuwa wa kweli, naye alilijua hilo siku ya tatu. Elinipa Lesian Akyoo, ambaye ameketi safu ya nne, upande wa akina mama, mwenye kitenge cha kijani, na aliyekuja peke yake kwa miguu kutoka barabarani, sisi watoto wa Gerson tunakuomba msamaha, kwa niaba yake na kwa niaba yangu mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba kwa miezi saba, hasa wale wa zamu za Jumamosi waliomvumilia akiwauliza ni wimbo gani walichezea kwenye harusi zao. Tunawashukuru majirani wa Elerai kwa maji, viti na masufuria, mafundi wenzake wa Levolosi waliochimba kaburi hili tangu saa kumi na mbili, kwaya, na mtoto wa Balwant Singh aliyetupigia simu kutoka mbali na kulia nasi. Kwa ambao sikuwataja, si dharau, ni karatasi imekwisha.

Kuna maneno ambayo desturi inamtaka msomaji amwambie marehemu kabla jeneza halijashushwa, ya kumtakia pumziko na amani, na vijitabuni mwenu yamechapwa kwa herufi kubwa. Ndesanjo, Nathanaeli na mimi tumekubaliana kwamba sisi hatutayatamka, kwa sababu si yetu kuyatoa. Shangazi Elinipa, ukiyasema tutashukuru, ukisema mengine tutayasikia, na ukikaa kimya tutamzika baba yetu katika kimya hicho. Ninakuletea kipaza sauti hapo ulipo.