Mwalimu Mfupa, Aliyefundisha Uhandisi kwa Bawa la Kuku

Marehemu baba yetu, ambaye chuoni hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mwalimu Mfupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitindamimba wa seremala na mshona nguo. Kuku akichinjwa nyumbani, ndugu zake waligombea mapaja. Yeye aliomba mifupa.

Alisoma shule za karibu na kwao, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1976. Alifanya kazi kiwandani, kisha mwaka 1983 akaanza kufundisha usanifu katika chuo cha ufundi. Siku ya kwanza aliingia darasani na bawa la kuku. Akaupasua mfupa kwa msumeno mdogo, akawaonyesha wanafunzi uwazi wa ndani na vijiti vyembamba vinavyoushikilia.

"Ndege hana chuma," aliwaambia, "lakini tazameni anavyojibeba. Muulizeni yeye kwanza, ndipo mje kwangu."

Mkuu wa idara hakupendezwa. "Hapa ni karakana, si jikoni," alisema, akatishia kulifuta somo. Wakati huo wanafunzi walikuwa wakibuni magongo mepesi ya wagonjwa, yenye uwazi na vijiti ndani mfano wa ule mfupa. Mkuu, pandikizi la mtu, akataka kuyapima mwenyewe. Akaliegemea moja kwa uzito wake wote, likavunjika, naye akajikuta ameketi sakafuni.

Marehemu alimwinua, akampangusa vumbi, akawageukia wanafunzi. "Limevunjikia wapi?"

Wakainama kutazama. Mkuu naye akainama, suruali ingali na vumbi. "Hapa kwenye maungio," alisema. "Mngepanenepesha kama goti."

Tangu hapo somo halikuguswa. Magongo yaliyofuata yalipelekwa hospitali ya jirani, na aliyeyabeba begani ni mkuu mwenyewe.

Mifupa hiyohiyo ndiyo iliyompatia marehemu jiko. Alikwenda buchani kuomba mifupa mara kwa mara, hata binti wa mwenye bucha akamuuliza, "Mbwa wako hajambo?"

"Sina mbwa, dada. Nina wanafunzi."

Binti alicheka hadi akaweka kisu chini. Ndiye mama yetu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, na Aprili 2023 akalazwa. Daktari alipomweleza kuwa valvu, kile kilango cha moyo, imechoka, aliomba achorewe. Aliitazama ile picha kwa muda, akatabasamu.

"Imefunguka na kufungika tangu nizaliwe, bila hata tone la grisi," alisema. "Hakuna fundi anayeweza hivyo. Ikitaka kupumzika, msiigombeze."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Mei 2023, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na wahandisi wa kila rika, wengi wao wakiwa wamesimama nasi hapa.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani.