Triga ya Bei Poa na Mguu wa Orrin

Kijiwe chetu hapa Kettle Fork ni benchi refu lililobanwa kati ya jiko la kuni na magunia ya chakula cha ng'ombe, ndani ya duka la Gladfelter. Theluji ikianza kushuka vilimani, wanaume hatuna pengine pa kwenda kubishana. Birika la kahawa hukaa jikoni tangu asubuhi mpaka inakuwa nzito kama lami, na hakuna anayelalamika kwa sababu ni ya bure. Wakaaji ni walewale. Yupo Redio, Clyde kwa jina la kwao, ambaye hana swichi ya kuzimia. Yupo Shemasi wa kanisa la Kilutheri, mwenye methali kwa kila jambo na kila methali akiipeleka pasipo pake. Yupo Verlin Stauffer, tunayemwita Mizani, maana haamini kitu mpaka akipime. Mimi ni Posta, kwa kuwa ndiye ninayesambaza barua. Siku ninayoisimulia, msimu wa kulungu ulikuwa haujafika hata katikati, na mji mzima ulikuwa na habari moja: Orrin Hostetter, mwalimu wa usalama wa bunduki, alikuwa amejipiga risasi ya mguu.

REDIO: Mwalimu, jamani! Aliyewafundisha watoto wetu wote kushika bunduki! Nimecheka mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.

SHEMASI: Usicheke, bwana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

REDIO: Mkuu gani tena, na mkuu mwenyewe ndiye yeye?

SHEMASI: Basi hakujisikia.

"Halikuvunjika," nikasema. "Limekatwa. Hapa, kwenye kifundo."

Lakini Redio na kimya hawajawahi kupatana.

REDIO: Sikatai, inauma. Ila asitupige fiksi! Eti alirudi kwenye gari atoe risasi. Bunduki yake ni zile za zamani, komeo la kutolea risasi halifunguki mpaka uondoe kufuli ya usalama. Eti akaisukuma kufuli, na palepale, pwaa! Kidole eti kilikuwa nje, hakikugusa triga hata kidogo. Kamba hiyo ataila nani?

SHEMASI: Kidole kimoja hakivunji chawa.

REDIO: Lakini kinafyatua bunduki, Shemasi!

Tukacheka. Ndiyo, na mimi nilicheka.

Hapa inabidi nieleze kitu. Triga iliyokuwa kwenye bunduki ya Orrin haikuwa ile iliyotoka nayo kiwandani. Bunduki hizi za zamani zina triga nzito, inakwaruza kama mlango wa zizi, kwa hiyo watu hununua nyingine na kuibadilisha. Zilizo nzuri ni za bei mbaya. Majani yalipoanza kupukutika mwaka huo, Mizani akaagiza moja ya bei poa, ya kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Akaifunga mwenyewe, akaileta bunduki hapa dukani ikiwa tupu, na sisi tukageuka kamati ya ukaguzi. Mizani alitundika ndoano ya mizani yake ya samaki kwenye triga, akavuta polepole mpaka ikabofya. Ilibofya kwa uzito wa pakiti ya sukari. Akarudia, ikawa vilevile.

Kila mmoja akavuta. Redio akasema ni kama kuvunja barafu nyembamba. Shemasi akasema haba na haba hujaza kibaba, hatukujua anamaanisha nini. Mimi nikasema inakata kama kisu kwenye siagi. Orrin alikuja kununua mchanganyiko wa chakula cha ndama, tukamwita naye avute. Akavuta mara moja, akarudisha bunduki.

"Ni laini," akasema. "Lakini yangu ya kiwandani inanitosha."

Tulimwandama. Tukamwita mzee wa makumbusho, tukamwambia hata marehemu babake angeibadilisha. Alistahimili karibu mwezi mzima. Kisha siku moja akanisimamisha barabarani na gari langu la posta, akaniambia ameagiza. "Mizani akisema kitu kizuri, mimi sina shaka," akasema. Kifurushi nilimpelekea mwenyewe.

Basi tuendelee na siku ile.

REDIO: Mimi nadhani ni baridi. Chuma kikipata baridi kinasinyaa. Triga inasinyaa, inajivuta yenyewe.

SHEMASI: Ni mafuta. Alipaka mafuta mengi, yakaganda. Mfinyanzi hulia gaeni.

REDIO: Sasa mfinyanzi kaingiaje kwenye mafuta?

SHEMASI: Anaingia tu.

REDIO: Haya, sikilizeni hii. Ule mnara wa simu waliousimika kule kwa Brubaker, mnauonaje? Mawimbi yale yanapita hata ndani ya mifupa. Springi ya chuma, nyembamba vile, itashindwa kutikisika?

SHEMASI: Kama ni mnara, mbona bunduki zetu hazilii?

REDIO: Zetu ni nzito! Ya kwake ni ya bei poa!

SHEMASI: Au wenye bima. Hao wanaweza kutengeneza triga mbovu makusudi.

REDIO: Wapate nini, bwana? Si ndio wanaolipa!

SHEMASI: Ndiyo maana hawalipi.

Muda wote huo Mizani alikuwa ameinamia kikombe chake. Si kawaida yake. Siku nyingine angekuwa ameshawakatiza aseme mnara una nguvu kiasi gani. Redio akamgonga begani.

REDIO: We bwana ndiye fundi wa hizi triga. Sema basi, ni nini?

MIZANI: Ni kidole.

REDIO: Umeona!

MIZANI: Mtu akizeeka kidole hakimsikii. Anadhani kiko nje, kumbe kiko ndani. Hakuna cha mnara wala nini.

Alisema bila kumtazama mtu. Sisi tukakubali, kwa sababu Mizani akishasema imepimwa. Redio akaanza kueleza jinsi atakavyomtania Orrin akitoka hospitali, amnunulie soksi moja moja.

Pale kaunta palikuwa na mwanamke tusiyemjua, mtu wa makamo, amevaa buti za mpira zenye kinyesi cha ng'ombe, gunia la maziwa ya unga ya ndama miguuni. Tulidhani anasubiri chenji. Akageuka, akaja mpaka mbele ya benchi, akavua kofia ya sufu.

"Samahani, kaka zangu," akasema. "Ni nani kati yenu aliyekuwa wa kwanza kuinunua ile triga?"

"Huyu hapa," Redio akasema kwa fahari. "Mizani wetu."

Mwanamke akamtazama Mizani. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa mtu anayetaka kujua.

"Na yako, kaka, bado iko kwenye bunduki?"

Redio akacheka. "Iko, dada! Jumamosi tu kaangusha dume la pembe nane. Au siyo, Mizani?"

Mizani akakizungusha kikombe chake.

"Mizani?"

Nimemfahamu Verlin Stauffer tangu tukiwa shule. Nilimwona akifiwa na mkewe. Sikuwahi kuuona uso wake ukiwa vile. Aliweka kikombe chini kwenye mbao, akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Niliitoa," akasema.

"Lini?" mwanamke akauliza.

"Siku chache baada ya kuileta hapa. Nilikuwa nyumbani, bunduki tupu. Nikalifunga komeo kwa nguvu kidogo, nikasikia imebofya. Sikuwa nimeigusa. Nikajaribu tena. Safari hiyo nikaondoa kufuli tu, ikabofya tena. Nikairudisha ya zamani."

Redio alikuwa ameachama. "Na hukusema?"

"Ningesemaje? Nilishaisifia mbele yenu wote. Mimi, Mizani! Nikajiambia labda ni yangu peke yake ndiyo mbovu. Labda niliifunga vibaya."

"Orrin alikuwa ameshaagiza?" Shemasi akauliza polepole.

Mizani akatikisa kichwa. Hakuwa ameagiza. Na alipoagiza, Mizani alijua, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia, hapahapa, nikidhani ninampa habari njema. Nakumbuka alivyosema "vizuri," akaomba sukari.

"Mimi ni Lorna," yule mwanamke akasema. "Orrin ni kaka yangu. Nimetoka Ohio kuja kukamua ng'ombe wake." Alikuwa akiikunja kofia mikononi. "Yuko nyumbani tangu juzi. Ameshawaambia watafute mwalimu mwingine. Anakaa dirishani, ananyoosha kidole hiki, anakikunja, anakinyoosha. Jana akaniambia, Lorna, labda kweli nilikigusa. Mji mzima hauwezi kukosea." Akaikunjua kofia. "Kaka yangu hajawahi kusema uongo, na ninyi mmemfanya ajione mwongo."

Hakuna aliyenyanyua macho. Redio alikuwa akitazama buti zake. Shemasi alifungua mdomo, nikajua kuna methali inakuja, akaufunga.

"Njoo umwambie," Lorna akamwambia Mizani.

"Nitakwenda kesho, dada. Nijipange kwanza."

"Gari liko nje."

Mizani alikaa kama mtu anayesubiri aitwe jina. Kisha akainuka, akachukua lile gunia la maziwa ya ndama, akalibeba begani, akamfuata. Tuliwaona kwenye kioo wakipanda gari, tukaliona gari likipotelea kwenye theluji. Sisi watatu tulibaki tumekaa. Hakuna aliyesema twende naye. Na ndipo nilipotambua kwamba kwa maneno yote tuliyoyamwaga asubuhi ile, hata mmoja hakumwuliza yule dada kidonda cha kaka yake kinaendeleaje.

Yaliyotokea huko Mizani alinieleza baadaye, kwa shida. Alisimama mbele ya Orrin na kofia mkononi, akasema yote kama alivyoyasema kijiweni. Alitegemea kutukanwa, hata kufukuzwa. Orrin alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja: "Ulipoondoa kufuli, kidole kilikuwa wapi?"

"Nje," Mizani akajibu. "Mbali kabisa."

Orrin akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, mzee yule, na Mizani akasimama palepale asijue kama amshike au amwache. Alichokisikia katikati ya kilio ni neno moja tu: "Asante." Mizani anasema hilo ndilo linalomchoma. Angetukanwa angepona.

Tangu hapo ndiye anayekwenda kukamua kila alfajiri, na Lorna amerudi Ohio. Ile triga ya Orrin aliichomoa akaipeleka kwa afisa wa wanyamapori, pamoja na ya kwake, akaeleza mwenyewe, jina lake likaandikwa.

Sisi wengine ilituchukua mpaka Jumapili ya pili. Tulikwenda baada ya ibada, Redio amebeba keki ya tufaha iliyookwa na mkewe, Shemasi amevaa tai. Tulisimama mlangoni tukipangusa viatu muda mrefu kuliko theluji iliyokuwepo. Orrin alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, na kila mtu alijitahidi kutazama mahali pasipo blanketi.

"Kaeni, kaeni," akasema. Alifurahi kweli kutuona. Tulikaa kwa mstari kwenye kochi, kama tuko kwa daktari. Redio aliishika keki mapajani, hakuna aliyemkumbusha aiweke mezani.

Orrin akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu, mtu aliyefungiwa ndani siku nyingi na mwenye hamu ya maneno ya watu.

"Haya, niambieni," akasema. "Huko kijiweni mnazungumza nini siku hizi?"

Nikamtazama Redio. Redio akamtazama Shemasi. Shemasi akatazama sakafu.