GPS Niliyoijaribu Kwenye Ndoo

Mungu wa Gitega na wa Muyinga asifiwe! Asifiwe tena!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Rehema, mtu wa Uvira, ninauza samaki hapa sokoni Gitega. Samaki wangu ninawafuata mwenyewe Muyinga, kule juu ya Giteranyi, ziwani. Mume wangu anapiga kasia, mimi ninanunua kwa wavuvi. Shida ya ziwa lile ni mafunjo, yale majani marefu ya majini. Yanaelea, upepo unayasukuma, na njia uliyopita jana leo haipo.

Mwaka jana mvua ilitukuta katikati ya mafunjo hayo, tukapotea kutwa nzima. Simu yangu ilikuwa na ramani, lakini kioo kikishalowa hakisikii kidole, na baadaye ikazima kabisa. Nililia, ndugu zangu. Tulipotoka nikasema: kazi hii siiachi, maana inasomesha watoto, lakini bila GPS ya mkononi siingii tena majini! Wengine humu humu kanisani wakaniambia huo ni upungufu wa imani. Nikawauliza kama wao usiku wanalala mlango wazi.

Nikaomba, kisha nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea yenye kioo kikubwa cha kugusa, inang'aa, ramani ya rangi, ya kuchaji kwa umeme. Nikamwomba ndoo ya maji.

"Maji ya nini, Mama?"

"Tuiingize ndani. Mi niko mtu wa samaki, siwezi nunua kitu chenye kinaogopa maji."

Akaikumbatia kama mtoto mchanga. Nikamwambia alete nyingine. Akaleta nene, yenye sura mbaya, ya vitufe, inayotumia betri za tochi ambazo hata kwenye vijiduka vya Mutaho zinapatikana. Tukaitupa kwenye ndoo ya kudekia. Ikaelea. Nikabonyeza vitufe kwa mikono iliyolowa, ikatii. Nikalipa palepale.

Ndugu zangu, siku ilifika! Tulikuwa tunarudi na samaki, ukungu umeshuka, na malaria ikamshika mume wangu ndani ya mtumbwi. Alitetemeka mpaka kasia likamwangukia miguuni. Njia aliijua yeye, na sasa hakujua hata jina langu. Nikalishika lile kasia. Nikasema, Yesu, mume wangu hafii hapa!

Kwenye kioo cha GPS kulikuwa na mstari wa njia tuliyopita asubuhi, nami nikaufuata. Mafunjo yakiziba mbele, nazunguka, narudi kwenye mstari. Halafu kiwiko changu kikaigonga GPS, ikaanguka ziwani. Nilihisi nimekufa. Nikachungulia, nikaiona inaelea kando ya mtumbwi! Niliiokota huku nikiimba kwa sauti yote niliyonayo.

Tukafika nchi kavu, watu wakampakia mume wangu kwenye baiskeli hadi kituo cha afya. Muuguzi akasema malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, na kwamba tungechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya.

Ndugu yangu uliyekaa hapo na hofu ya kesho, mtegemee Bwana. Mwombe, kisha inuka ukafanye sehemu yako bila kuona haya. Mimi sikumwona kwa macho siku ile, lakini najua hakuniacha peke yangu kwenye ule ukungu. Asante, Yesu! Maneno yangu yameisha, na shahidi wangu yuko hapa.

Baba Rehema, simama wakuone.