Kazi ya Babu: Mbeba Kiti

Kahawa ya Mugure, nyuma ya stendi ya Lodwar, asubuhi hiyo ilinywewa kwa fujo, na fujo yenyewe ililetwa na karatasi moja. Kanisa lilikuwa linachapisha kitabu cha familia za zamani, na mzee Ekidor alitakiwa kutia sahihi nakala ya daftari la mkoloni kabla ya saa sita. Jina la babu yake, Lomorukai, lilikuwepo. Mbele yake karani aliandika: kazi, mbeba kiti. Na Ekidor alikuwa amejivunia babu huyo maisha yake yote, mtu aliyewanyima wazungu ngamia mchana kweupe. Leo aambiwe alikuwa mtumishi wao? Roho ilimuuma kwelikweli.

EKAI, aliyewahi kufagia mahakamani na tangu hapo anaitwa Wakili: Hiyo ni cheo, mzee. DC akitembea, kiti iko nyuma. DC akichoka, kiti iko chini.

EKIDOR: Babu yangu hakubebea mzungu kitu.

RAEL, muuza dawa za mbuzi, jina la kijiweni Daktari: Pengine si DC. Pengine ni gavana alikuja Longech, kule ziwani, kuona mamba, kiti ikabebwa mpaka ndani ya maji.

WAKILI: Na hiyo kiti ilikuwa na shimo katikati. Wakubwa walikuwa wanasafiri na choo yao.

Kijiwe kizima kikacheka.

EKIDOR: Naenda kuwaambia watoe hilo jina. Afadhali akose kitabuni kuliko akae humo akibeba choo ya mtu.

MUGURE: Ukimtoa, wajukuu watamjuaje?

EKIDOR: Wataniuliza mimi.

Nyaluak, mfanyabiashara aliyeshuka sasa hivi kwenye gari la Kakuma, alikuwa anangoja kikombe chake. Akaiomba karatasi, akaisoma polepole.

NYALUAK: Kiti ya nani?

WAKILI: Ya DC, mama.

NYALUAK: DC hayuko hapa. Imesema kiti tu.

Daktari akajishughulisha na kahawa yake. Ekidor akainama, akatazama alichokalia: ekicholong, kile kiti kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hatoki nyumbani bila kukishika mkononi.

EKIDOR: Huyo karani alikuwa mgeni. Aliona babu anakuja na kiti, akafikiri ametumwa.

Akamwomba Mugure kalamu. Baada ya neno kiti akaandika, kwa herufi kubwa: CHAKE. Halafu akatia sahihi.