Betri Zisilale Jikoni kwa Phelis

Mgeni rasmi, Madam Maxine, haya ya betri tuliambiwa na fundi Kipkosgei wa Litein, Jumanne ile baada ya moto. Mimi Rebeccah ninasoma kwa niaba ya wenzangu kwa sababu miwani ni yangu.

KARIBU

Karibu kwetu. Chai iliyo kwenye kikombe chako tumeichuma na mashine za betri ulizotuletea.

TULIKOTOKA

Mashine zilipofika, migongo yetu ilipumzika. Betri tuliziweka kwa Phelis, mjane mwenzetu, maana stima imefika kwake tu. Anaishi na wajukuu.

CHANGAMOTO

Mvua ya hapa unaijua. Betri moja ilianguka mtaroni, ikalowa. Tukafanya vile tunafanya na kila kitu kilicholowa: tukaipandisha darini juu ya meko ya Phelis, kando ya mahindi. Ikavimba. Asubuhi, watoto wakinywa uji, ikatoa moshi, ikawaka. Phelis aliwatoa wote. Mkono wake bado una bandeji.

"Gogo, nani aliiweka hapo?" fundi akaniuliza; gogo ni nyanya kwa lugha yetu.

"Ni sisi. Mahindi hukaa hapo na hayalalamiki."

"Mahindi hayana stima, gogo!"

Akatufungulia nyingine tuone. Kumbe ndani kuna betri ndogo nyingi, zimebanana kama punje kwenye gunzi. Katika kila moja, utando mwembamba hutenga pande mbili. Ikigongwa au ikipashwa joto, utando hutoboka, pande zinagusana, inajichoma, halafu inachoma jirani.

TULIYOFANYA

Iliyoanguka hatuichaji tena. Iliyovimba tunaiweka nje, kwenye ndoo ya mchanga. Lakini fundi alisema kuna ubovu ambao macho hayaoni. Kwa hivyo Phelis akichaji huketi hapo hapo, hata usiku. Tukimwambia tupokezane, anasema, "Nyinyi wajukuu wenu wako kwenu."

OMBI

Mashine mpya tumeziona kwenye gari. Tunazitaka sana. Lakini tunaomba urudi nazo kwanza, mpaka tujenge chumba cha kuchajia, mbali na nyumba. Mawe tunayo, mikono tunayo. Tusaidie mabati na waya wa stima. Na betri zenyewe ziwe na kizuizi cha joto kati ya kila moja na mwenzake, ili moja ikiharibika isichome zingine.

Mungu akurudishe kwako salama, na wako uwakute wazima.

Leo betri zetu zote ziko hapo mezani mbele yako, tunaziangalia sote. Phelis ndiye yule wa kiti cha nyuma, mwenye bandeji.

Ni sisi, Kikundi cha Imani Wachuma Chai. Makofi tuyaache, tafadhali. Phelis amelala.